Nilichora jengo la yoga kando ya Ziwa Tanganyika, watu wakaingia wakauliza nani amefariki

Wakuu, nawasalimu kwa mpangilio wa umri. Shikamooni mnaostahili, wengine mambo vipi.

Juzi kuna mdau alileta uzi hapa akiomba ushauri. Anataka kujenga kituo cha yoga na wellness kule Kigoma, jengo linaloendana na mazingira, ziwa mbele, milima nyuma. Wadau wakammiminia ushauri wa nyasi, mabati na tofali za kuchoma.

Mimi nilizima simu nikaenda kukaa uani. Jengo hilo nilishalijenga.

Nitakayosimulia ni ya kweli. Majina nimebadilisha, shirika silitaji, na mwaka pia silitaji. Ni miaka ile ya wakimbizi. Watu wa Kigoma mtauliza ipi, maana tumekuwa nayo mingi. Chagueni yoyote, kisa hakitaharibika.

Mimi ni mtoto wa Rusimbi, pale pale Kigoma mjini. Nilisoma usanifu majengo Dar, nikarudi nyumbani na shahada, rula ndefu na dharau kidogo. Kigoma haikuwa na haja na msanifu. Mtu akitaka nyumba anamwita fundi, fundi anachora kwa mguu kwenye mchanga, kesho msingi unachimbwa.

Kwa hiyo nikawa naandika makala za gazetini kuhusu majengo ambayo ningejenga kama kungekuwa na mtu wa kuniomba. Msomaji wangu mwaminifu alikuwa mama yangu, ambaye alikuwa akisomewa.

Wakimbizi walipoanza kuja, nikapata kazi.

Naisema hivyo hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa kwa nusu ya mji. Meli inatia nanga na watu waliopoteza kila kitu, sisi tunapiga pasi mashati kwenda interview.

Shirika moja la nje lilinichukua nichore vyoo. Kama uliwahi kuchutama kwenye kituo cha mapokezi kilichokuwa mteremkoni upande wa Kibirizi, basi ulichutama ndani ya kazi yangu ya sanaa.

Watu walitakiwa kukaa pale siku chache tu, kisha wapelekwe makambini. Lakini kambi zilijaa, malori yakawa hayaji, siku chache zikawa misimu. Watu wakaanza kupanda mboga pembeni ya hema.

Ndipo bosi wangu akaniita. Namwita Annika. Mama wa Kizungu, mwenye moyo mzuri kabisa, na Kiswahili alichojifunza kwa adabu kuliko maafisa wetu wengi. Alikuwa pia mwalimu wa yoga.

Akaniambia wanawake wa kituoni hawalali, miili yao imekaza kama kamba. Amepata ufadhili wa kujenga mahali pa kupumua. Jengo la yoga na ustawi. Liendane na asili. Mti usikatwe, ardhi isichimbwe sana, na lisiwe na kuta.

"Wala mlango," alisema. "Mlango ni woga. Nataka jengo lipumue."

Wakuu, baada ya vyoo vyote vile, mtu ananiambia jengo lipumue! Nilitaka kumkumbatia.

Nilichora kama mtu aliyefunguliwa kifungoni. Sakafu ya mawe ya ziwani, imesakafiwa kwa udongo uliosuguliwa ukang'aa. Nguzo za mikaratusi. Paa la nyasi lililoshuka chini kama kofia ya mtu anayesinzia. Upepo wa ziwa uingie upande mmoja utokee upande wa pili. Viti hakuna, ni mikeka. Viatu vinaachwa nje kwenye jiwe.

Katikati kulikuwa na mchikichi. Kwa kuwa mti haukatwi, niliutobolea paa ukapita. Kwenye mchoro ulikuwa ushairi mtupu. Mvua ya kwanza ilipopiga, maji yaliteremka kwenye shina kama bomba lililopasuka yakajaa ndani. Kwenye ripoti niliandika kwamba jengo linashirikiana na mvua.

Sasa mjue kuhusu Goreth, maana kisa hiki ni chake.

Goreth alikuwa mama wa makamo kutoka Burundi, mrefu, mkavu wa maneno. Wakati tunapima kiwanja tulimkuta amesimama palepale tulipotaka kuweka nguzo ya pembeni, upande wa kaskazini. Kutoka pale unaona mitumbwi na meli zinazotoka mpakani zikiwa bado ni doa juu ya maji.

Nikamwomba asogee kidogo.

"Hapa mwajenga nini?" akauliza.

Nikamweleza. Alisikiliza yoga yote mpaka mwisho.

"Na upande huu mwaweka ukuta?"

"Hapana mama, hakuna ukuta kabisa."

"Ego, ndiyo. Basi jengeni. Mkiweka ukuta, nitamwonea wapi?"

Aliyekuwa akimngoja ni mume wake, Melkiori. Siku waliyokimbia walikuwa wameshafika ufukweni na mizigo yao, mume akakumbuka kwamba mlango wa nyumba hawakuufunga. Akasema anarudi mara moja kufunga, atawakuta mtumbwini.

Mtumbwi haukungoja.

Goreth alipata kibarua cha kubeba mawe ya sakafu yangu. Kila akitua jiwe alikuwa anainua macho kutazama ziwa, halafu anarudi kuchukua jingine. Nilijisifu moyoni kwamba mchoro wangu umemwachia dirisha lake. Dirisha kubwa kama jengo zima.

Siku ya ufunguzi ikafika. Asubuhi, jua bado lina adabu. Annika alitandika mikeka. Wanawake wa kituoni wakavua kandambili wakaingia, wakaketi chini, miguu wameikunja pembeni. Wanaume wachache wa ofisini tulikaa nyuma. Annika akasema tufumbe macho, tusikilize pumzi zetu.

Kimya kikaingia. Upepo ukaja kutoka ziwani kama nilivyouchora.

Njia ya akina mama wanaotoka mwaloni, ufukweni kwa wavuvi, kuchukua dagaa ilipita kando yetu. Nikasikia nyayo zimesimama. Nikafumbua jicho moja.

Walikuwa wachuuzi wa Ujiji na mabeseni yao. Mbele yao alikuwa mama mmoja mnene, Mama Zaituni, mwenye sauti ya kuita mtumbwi urudi. Safari hii hakuitumia. Wakatua mabeseni taratibu, wakavua viatu, wakajifunika kanga vichwani, wakaingia wakaketi kwenye ncha za mikeka.

"Poleni jamani," Mama Zaituni alinong'ona. "Nani ametutoka?"

Nikajikokota kwa magoti mpaka alipo. "Mama shikamoo. Hakuna msiba hapa. Ni mazoezi."

"Marahaba. Mazoezi ya nini?"

"Ya kukaa kimya na kupumua."

Akanitazama, akatazama jengo langu.

"Baba, watu wamevua viatu, wamekaa chini kwenye mikeka, wanaume nyuma, hakuna anayesema, hakuna ukuta, na yule mama pale machozi yanamtoka. Halafu waniambia hakuna msiba? Nyie wasomi siku hizi mnaficha hata maiti?"

Nilitazama kazi yangu kwa macho yake. Paa bila kuta, mikeka, viatu nje, kimya. Lile halikuwa jengo la yoga. Lilikuwa turubai la msiba, ila langu lilikuwa la nyasi na lilikuwa na mchikichi katikati.

Nimelifikiria sana tangu siku ile. Niliambiwa nichore utulivu. Na mimi, mtoto wa Rusimbi, utulivu wa watu wengi pamoja nimeuona mahali pamoja tu, kwenye matanga ya baba yangu. Chuoni nilifundishwa mengi kuhusu nafasi na mwanga. Mkono ulipoachiwa uchore wenyewe, ulichora uani kwetu siku ile.

Lakini neno la Mama Zaituni lilikuwa limeshasikika. Mmoja wa wanawake wa kituoni alilidaka lile "nani", akalijibu. Alitaja jina la mtoto wake. Wa pembeni yake akataja la dada yake. Kisha ikawa ile sauti ambayo siwezi kuiandika.

Akina mama wa dagaa hawakuuliza zaidi. Walisogea wakawashika mabega watu wasiowajua. Mama Zaituni alimkumbatia yule wa kwanza, akawa anasema, "Lia mwanangu. Lia. Ulikuwa hujakaa, sasa umekaa."

Na ndiyo ilikuwa shida yao yote. Kwao, kama kwetu, msiba hukaliwa nyumbani kwa marehemu. Nyumbani kwa marehemu ni ng'ambo ya mpaka. Hema la shirika si nyumba, limepigwa namba kama gunia. Walikuwa wamebeba wafu wao tangu siku ile ya mtumbwi bila kuwatua.

Annika aliandika kwenye ripoti yake kwamba kikao cha kwanza kimeleta mafanikio makubwa ya kihisia. Masikini, hakudanganya.

Tangu hapo yoga haikufanyika tena, au ilifanyika kwa jina tu. Wanawake walijipanga wenyewe. Leo tunamkalia mume wa fulani, keshokutwa mama wa fulani. Nyuma ya jengo yakawekwa mafiga, sufuria ya uji ikakaa. Wachuuzi wa Ujiji wakipita wanaacha dagaa na kuni. Waliimba nyimbo zao za Kirundi kwa sauti ya chini. Waislamu wakisoma dua yao, Wakristo wanangoja, kisha wanaendelea.

Warundi wana siku ya kumaliza msiba, wanaiita kuganduka. Mpaka siku hiyo aliyefiwa yumo msibani. Hashiki jembe kwa moyo, hafurahii ngoma, haanzi jambo jipya. Siku ya kuganduka watu wa upande wa marehemu wanakusanyika, wanasema maneno, wanakunywa pamoja, na aliyefiwa anaambiwa inuka, rudi kwa walio hai. Nyumbani kwao jambo hilo laweza kungoja hata mwaka. Pale, kwa kuwa hakuna aliyejua atalala wapi mwezi ujao, walifupisha.

Niliona wanawake wakiinuliwa kwenye sakafu yangu. Niliwaona baadaye wakicheka kwenye foleni ya maji. Sitasema nilijivunia, maana sikulikusudia hata moja. Lakini nilianza kulala vizuri.

Goreth hakuingia.

Alibeba kuni, alikoroga uji, alichota maji. Lakini alikuwa anasimama kwenye nguzo yake ya kaskazini, kandambili miguuni, uso ziwani.

"Mama Goreth, vua viatu uingie," Mama Zaituni alimwambia siku moja nikiwepo.

"Oya, hapana. Mimi sijafiwa."

"Basi kaa tu, miguu ipumzike."

"Nikikaa hapo nimemzika. Na yeye amekwenda kufunga mlango tu."

"Haya, simama. Nguzo za huyu kijana zenyewe zina mchwa, nawe utatusaidia kushika paa."

Goreth alicheka. Ndiyo mara pekee niliyomwona akicheka.

Kisha meli ikaleta watu wengine. Miongoni mwao alikuwemo binamu wa Melkiori, wa kilima kilekile, mzee mwembamba aliyevaa koti la suti juu ya kaptula. Alifika mpaka jengoni akiongozwa. Goreth alimwona kutoka mbali, hakumkimbilia.

Walisalimiana kwa Kirundi, kirefu, kwa mikono yote, kama watu wenye muda. Goreth aliuliza habari za majirani. Aliuliza habari za mvua. Mama mmoja pembeni yangu alikuwa ananitafsiria kwa sauti ya chini.

Mwishoni Goreth akauliza, "Na nyumba yangu uliipita?"

"Niliipita."

"Mlango?"

Mzee alitazama chini.

"Mlango uko wazi."

Goreth aligeuka akalitazama ziwa mara moja, kama mtu anayeangalia kama amesahau kitu. Akainama. Akavua kandambili ya kulia, akavua ya kushoto, akazipanga vizuri juu ya jiwe langu la viatu.

Akaingia akaketi.

Walimkalia Melkiori siku nyingi. Yule binamu ndiye aliyesimama upande wa marehemu, maana hakuwepo mwingine. Wakakubaliana kwamba mvua zikikatika watamganduza Goreth palepale. Nilialikwa. Nilinunua hata shati.

Kabla mvua hazijakatika, alikuja mgeni kutoka makao makuu kukagua mradi wa yoga.

Alikuta mafiga, masizi kwenye nguzo, wanawake wa Ujiji wasiokuwemo kwenye mradi, dagaa zimeanikwa kwenye ukingo wa sakafu, na kilio. Annika alijitahidi kueleza. Mgeni alikuwa mpole. Alisema anaheshimu utamaduni, ila fedha za ustawi haziwezi kuendesha misiba, na moto chini ya paa la nyasi ni hatari. Hilo la moto, wakuu, alikuwa sahihi kabisa, na ndilo linaloniuma.

Niliandika kurasa kadhaa za Kiingereza kizuri kueleza kwamba jengo limepata kazi yake ya kweli. Nilitumia maneno ambayo sijayatumia tangu chuo. Annika alisema zimemgusa. Makao makuu hawakujibu.

Nyasi ziliondolewa, yakaja mabati. Kuta zikapandishwa pande zote kwa tofali. Mlango wa chuma ukawekwa upande wa kaskazini, kwa sababu ndiko lori linakofikia. Jengo likawa stoo ya mablanketi. Mchikichi ulikatwa. Hakuna aliyenihitaji nichore, stoo kila mtu anaijua.

Na malori yaliyokuwa hayaji, yakaja.

Asubuhi ile nilimkuta Mama Zaituni ameshikilia ubao wa lori, kanga imemvuka kichwani, anabishana na mtu aliyekaa juu.

"Shuka kidogo tu, jamani! Tuseme maneno, tunywe hata maji, uinuke. Utaendaje hivyo?"

"Haifanyiki kwenye lori, dada yangu," Goreth alisema. Sauti yake ilikuwa ileile kavu. "Na shemeji amepandishwa lori jingine. Nani aniinue?"

"Mimi!"

"Wewe si mtu wake."

Mama Zaituni akaniangalia, kana kwamba mtu mwenye shahada lazima ana jibu. Nilikuwa nimevaa lile shati.

Lori likaondoka.

Muda ulipita. Nilitumwa kwenye kambi ya ndani ya mkoa, alikopelekwa Goreth, kukagua, mnajua tena, vyoo. Nilimuulizia mpaka nikaelekezwa. Nilimkuta ameketi mbele ya kibanda chake, juu ya mkeka. Majirani zake wote walikuwa na vibustani vya mahindi na maharage, kijani mpaka mlangoni. Kwake kulikuwa na udongo uliofagiwa, hakuna hata mche.

Jirani aliniambia yule binamu alipelekwa kambi nyingine, halafu ikasikika amerudi Burundi. Tangu hapo hakuna habari. Hakuna mtu wa upande wa Melkiori aliyebaki wa kusema yale maneno.

Goreth alinitambua. Tulisalimiana. Aliuliza habari za Mama Zaituni, nikamwambia anamsalimia, na kwamba bado anatukana watu vizuri.

Kisha akauliza, "Ile nyumba yetu bado yaangalia ziwa?"

Nilifikiria kudanganya. Nina kipaji hicho, niliwahi kuandika kwamba jengo linashirikiana na mvua.

"Hapana mama. Imejengwa kuta. Na upande ule wako wameweka mlango."

"Wafungwa?"

"Ndiyo. Una kufuli kubwa."

Akatikisa kichwa polepole, akalainisha mkeka kwa kiganja.

"Ni vizuri," akasema. "Angalau mmoja umefungwa."

Sijamwona tena. Kambi ile nayo imekuja kufungwa, na sijui watu wake walielekea wapi.

Kwa yule mdau wa kituo cha yoga: jenga, mkuu. Ziwa bado liko palepale na upepo ni mzuri. Ila usidhani asili unayoendana nayo ni nyasi na mawe tu. Watu nao wana namna yao ya kukaa chini, na ukiwatengenezea pa kukaa, jua kwamba kuna mahali watatakiwa kuinuka. Mimi nilitengeneza nusu ya kwanza peke yake.

Kejeli kuhusu mchikichi nazipokea, nimezizoea.

Lakini kama humu kuna Mrundi, au Muha wa mpakani anayezijua mila hizo, naomba anijibu kwa uzito. Ikiwa upande wa marehemu hakuna aliyebaki, je, kuna njia yoyote mjane aweza kuinuliwa na mtu baki? Mama Zaituni ni mzee sasa. Kila nikipita Ujiji ananiuliza kama nimeshapata jibu.